Makundi Yavunjwe, Saa Nne Kamili

Limepita tena. Gari lenye spika mbili juu, moja nzima na moja inakoroma: ndugu wanachama, mkutano wa kuvunja makundi ya watia nia ndani ya chama, saa nne kamili. Wiki iliyopita yalivunjwa. Juzi yakavunjwa tena. Kila yakivunjwa vinapatikana vipande, na kila kipande kina mwenyekiti, katibu na kundi lake la WhatsApp.

Mimi sina ugomvi na umoja, jamani. Ninachouliza, kwa heshima na taadhima, ni hiki: nani aliwaambia kundi linavunjika kwa hotuba? Kundi halikujengwa kwa hotuba. Mtia nia, yaani anayetaka chama kimsimamishe kugombea urais, anachukua fomu. Mwaka 2015 ndani ya CCM, chama tawala, ilikuwa shilingi milioni moja, na hapo ndipo penye nafuu. Halafu mwaka huo alitakiwa atafute wadhamini 450 katika mikoa 15, mitatu kati yake iwe ya Zanzibar. Hawezi kwenda peke yake. Kwa hiyo kila mkoa unapata mratibu, mratibu anapata wapambe, wapambe wanapata daftari la wajumbe lenye majina, namba za simu na alama pembeni: huyu wetu, huyu anayumba, huyu anakula kotekote. Mafuta ya gari kwa mkopo. Fulana kwa mkopo. Vyumba vya wageni Dodoma vimeshikwa kwa neno la mdomo. Na kila mpambe ameshanong'onezwa cheo chake, wengine cheo kimoja watu watatu.

Sasa jina la bosi halikurudi kutoka vikao vya mchujo. Bosi anapigiwa simu na wakubwa, anapoa, jioni anaonekana anatabasamu kwenye picha. Mpambe je? Ana deni la sheli, ana daftari, ana maadui kumi na wawili mtaani aliowatukana kwa niaba ya mtu aliyekwisha kupatana. Huyo ndiye mnayemwambia avunje kundi saa nne kamili.

Na kikao chenyewe, nyie! Saa nne inaanza saa sita kasorobo. Kambi iliyoshinda imekaa upande wa feni. Iliyoshindwa imekaa karibu na mlango, kwa ajili ya kutoka kwa hasira bila kumkanyaga mtu. Mwenyekiti, mtu wa busara, anaona picha hiyo haipendezi, anaamuru: ndugu wajumbe, changanyikeni! Watu wanainuka kwa nidhamu ya hali ya juu. Viti vinaburuzwa, mikoba inabebwa, mama mmoja anabeba na kiti chake kabisa. Wakishatulia, waliokuwa kwenye feni wako mlangoni, na waliokuwa mlangoni wako kwenye feni. Mwenyekiti anashukuru kwa ushirikiano.

Mahudhurio nayo yana daftari mbili, kwa sababu nauli italipwa kwa daftari na hakuna kambi inayoamini kalamu ya mwenzake. Waliosaini 61. Viti 40. Hakuna aliyesimama.

Inakuja ajenda namba tatu: kukumbatiana. Wapambe wakuu wawili wanaitwa mbele. Wanasogeleana kama watu wanaohamisha kabati la vioo, makalio nyuma, mabega mbele, na kila mmoja mkono mmoja umebaki kwenye mfuko wenye simu. Mpiga picha anasema haijatoka, rudieni. Wanarudia. Kofia ya mmoja imeziba uso wa mwenzie, rudieni. Mara ya tatu ndipo aliyeshindwa anapopata nafasi ya kumnong'oneza mwenzake sikioni, na mstari wa kwanza wote wanasikia: "Ile lita themanini ya dizeli, sasa analipa nani?" Ukumbi unapiga makofi. Umoja umepatikana.

Soda zimeletwa na walioshinda, kwa hiyo walioshindwa hawanywi. Msimamo unadumu dakika kumi na moja, wakiwa pale pale kwenye feni.

Kisha mengineyo. Anayeandika ajenda Tanzania hii angeacha kuandika zote, akaandika mengineyo peke yake. Humo ndimo kunatoka kila kitu: nani alikatwa kwa fitina, nani alionekana akipokea bahasha, nani yuko kwenye kamati ya kampeni na wakati wa mapambano alikuwa amezima simu. Kamati ya kampeni ndiyo ajenda yenyewe. Ukitaka kujua kama kundi limevunjwa, usiangalie picha ya kumbatio. Soma orodha ya kamati. Kama mratibu wa kambi iliyoshindwa hayumo, basi lile daftari lake la wajumbe nalo halimo, na siku ya kura utaona mawakala wanaugua tumbo kwa zamu. Hatapiga kelele. Ataitikia salamu ya chama kwa sauti kubwa kuliko wote, atavaa kofia, kisha atalala.

Na msinidanganye kwamba haiwezekani kambi iliyoshindwa ikatulizwa. Mwaka 1995 pale Chimwaga, Dodoma, CCM ikitafuta mgombea urais, Kikwete aliongoza raundi ya kwanza kwa kura 534, Mkapa 459, Msuya 336. Raundi ya pili Mkapa akapata 686, Kikwete 639. Tofauti ya kura 47! Kwa kura 47 watu wengine wangehama na viti. Kikwete akakubali, akapewa Wizara ya Mambo ya Nje, akakaa humo miaka kumi, na watu wake hawakurudishwa nyumbani bila matumaini. Mwaka 2005 akarudi na mtandao wake ule ule akapata kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476, Mwandosya 122. Mnaona? Kundi halikuvunjwa. Liliwekwa akiba.

Mwaka 2015 ikawa kinyume. Waliorudisha fomu 38, Lowassa, waziri mkuu wa zamani, hakufika hata tano bora, na Kikwete, mwenyekiti wa chama, alipoingia kwenye Halmashauri Kuu, baadhi ya wajumbe wakawa wanaimba kwamba wana imani na aliyekatwa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu wakajitenga na uamuzi hadharani. Magufuli akapita kwa kura 2,104 tarehe 12 Julai. Tarehe 28 Julai Lowassa yuko Chadema, chama cha upinzani. Siku 16! Hata soda ya maridhiano haijaisha gesi. Na alikokwenda nako wakavunjika: Dk. Slaa, katibu mkuu wa Chadema, akajiondoa, Profesa Lipumba akaachia uenyekiti wa CUF, chama mshirika. Oktoba Lowassa akapata asilimia 39.97 ya kura za urais, na mwaka 2019 akarudi CCM. Wapambe waliomfuata kwenda hawakuulizwa nauli ya kurudi.

Angefanyaje? Katiba yetu haina mgombea binafsi. Ukikatwa, ni kunyamaza au kutafuta chama kingine kabla dirisha la Tume ya Uchaguzi halijafungwa. Mlango mmoja, watu 38, halafu tunashangaa watu wanakanyagana. Majirani zetu Kenya mwaka 2002 Moi aliwachagulia KANU mgombea, wakubwa wakatoka nje kwa mafungu, na chama kilichokaa madarakani tangu uhuru kikaanguka mwaka huo huo. Lakini sisi, hotuba. Na spika inayokoroma!

Fulana za aliyekatwa, kwa wanaouliza, zipo kwa fundi pikipiki. Pamba yake nzuri, inafuta oili vizuri kuliko za aliyeshinda, ambazo zinateleza tu. Mwenye viti vya kukodi yeye anasema hajui kambi, anajua viti 40 vilitoka na 37 vimerudi, na yule mama amemwona kwake barazani amekalia kimoja.

Gari hilo linarudi. Sasa linasema saa nane kamili.