Tangi la lita 2,000 si la kiangazi

Mvua ya kwanza ya msimu huu ilitukuta usiku wa manane. Kabla bati halijaanza kupiga kelele sawasawa, mama alikuwa tayari yuko nje anapanga ndoo na masufuria chini ya ukingo wa paa. Kulipokucha maji yote yale akayamwaga kwenye mpapai. "Ya kwanza ni ya kuoshea bati," aliniambia, "ya kunywa bado." Na kweli, ndani ya ndoo moja mlikuwa na majani ya mwembe, vumbi jekundu limetuama chini, na manyoya ya kunguru. Paa lilikuwa halijaona tone tangu Mei.

Hapa Tabora mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Miezi sita mingine ni jua. Ndiyo maana kila ikifika Septemba nasikia maneno yale yale mtaani: maji ya mvua hayasaidii, nimenunua tangi na limekauka Juni. Maneno haya yananiuma, kwa sababu yanawakatisha tamaa wanaotaka kuanza. Tangi halina kosa. Tumelibebesha kazi isiyo yake.

Tupige hesabu. Watu watano, kila mmoja lita 20 kwa siku, ni lita 100. Tangi la lita 2,000 linakwisha siku ya 20. Kuvuka kiangazi chote, siku 180, unahitaji lita 18,000, na hapo unazungumzia kisima cha kuchimba na kujengea kwa saruji. Wenye uwezo wajenge. Lakini tenga maji ya kunywa na kupikia peke yake, lita 5 kwa mtu: ni lita 25 kwa siku, lita 4,500 kwa miezi sita. Tangi la lita 5,000 linatosha na chenji inabaki. Ya kufulia na kuogea tafuta bombani au kwa muuza maji wa baiskeli.

Tangi dogo je? Hilo ni la ndani ya msimu wenyewe. Siku hizi mvua haieleweki. Inaanza vizuri, watu wanapanda mahindi, halafu inakata Januari wiki mbili tatu, jua linawaka kama Septemba. Ikirudi inarudi kwa hasira, mafuriko ya saa moja. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kabla hazijaanza, na mimi huufuatilia, ila utabiri wa msimu hauwezi kukwambia Jumanne ijayo bustani yako ya mchicha itakunywa nini. Tangi la lita 2,000 linajaa, linakwisha, linajaa tena. Hesabu ni mara ngapi linajaa kwa msimu, ndipo utaona thamani yake.

Na linajaa upesi kuliko watu wanavyodhani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 6, mvua ya milimita 20, ni lita 960. Toa moja ya tano inayopotea, unabaki na zaidi ya lita 750. Mvua moja tu!

Ila uwe na gata, ule mfereji wa ukingo wa paa, inayofanya kazi. Fundi aliyetufungia ya kwanza aliilaza sawa kabisa, kama rula. Maji yakasimama, majani yakaoza humo, na siku niliyopanda ngazi kuchungulia nilikuta viluwiluwi wanacheza. Tulikuwa tunajifugia mbu wenyewe juu ya dirisha la watoto. Tuliifungua yote, tukaipa mteremko wa sentimita moja kwa kila mita mbili, tukaweka wavu mdomoni mwa tangi. Gata nyembamba nayo usinunue. Mvua hizi za kishindo zinairuka, maji yanaishia ukutani.

Maji ya Ziwa Victoria yalipofika Tabora wengi waliona habari ya mvua imekwisha. Nayashukuru sana maji yale. Lakini bomba linapasuka, umeme wa kusukuma maji unakatika, na siku hiyo mwenye tangi hakimbizani na madumu.

Sisi sasa tuna matangi mawili. Dogo ni la kila siku, yeyote achote. Kubwa tutaliacha lijae kwa mvua za Machi na Aprili, bati likiwa limekwishaoshwa na miezi yote iliyotangulia, kisha naifunga koki yake kwa kufuli. Maji yake tutayachemsha kabla ya kunywa. Ufunguo atakaa nao mama.