Kulala njaa kwa deni lisilozaa

Video za Wamarekani waliomaliza deni la chuo kwa kulala ndani ya gari, kula maharage ya kopo na kubanana watu wanne chumba kimoja New York zimeshafika Tanga, na wafuasi zimepata. Vijana walioajiriwa juzi juzi wanaapa kwamba ndani ya miaka mitatu Bodi ya Mikopo, iliyowakopesha ada na posho za chuo, haitawadai hata senti. Wapo walioanza kweli. Namfahamu mhasibu mmoja anayetoka Mabawa asubuhi kwa baiskeli akiwa na fulana, shati la kazini limekunjwa ndani ya begi, hotpoti ya ugali na dagaa imefungwa nyuma kwa mpira. Soda hagusi. Ofisini wakichangishana kwa msiba, hutoa elfu mbili na kuinamia kompyuta yake.

Kwa baiskeli simlaumu. Tanga ni mji wa baiskeli tangu enzi za baba zetu, na kutoka Mabawa hadi bandarini hakuna mlima wa kumtoa mtu roho. Ninachohoji ni hesabu yake.

Mmarekani wa kwenye video ana hoja. Mkopo wa serikali yao kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyekopa mwaka wa masomo 2024/25 una riba ya asilimia 6.53, na wa shahada za juu asilimia 8.08. Deni linazaa usiku na mchana. Kila dola inayolipwa mapema inazuia riba ya kesho, kwa hiyo anayejitesa San Francisco anajitesa kwa faida, hata kama mgongo unauma.

Sisi nasi tuliwahi kuwa na kitu cha namna hiyo. Ilikuwa tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, ile watu waliyoizoea kwa jina la VRF. Mtu alikatwa miaka nenda rudi, akiangalia salio anakuta halijashuka. Mei Mosi ya 2021, pale Mwanza, Rais Samia alitangaza kuiondoa, na mwaka huohuo ikaondolewa pia adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa. Tangu hapo deni la Bodi limekaa palepale lilipo, linasubiri kupunguzwa.

Sasa chukua mshahara wa msingi wa 800,000 na deni la milioni 12. Sheria inamtaka mwajiri akate asilimia 15, yaani 120,000 kila mwezi. Deni litaisha kwa miezi 100, miaka minane na ushei. Ukijinyima na kuongeza 150,000 juu yake, utamaliza kwa miezi 45 hivi. Riba uliyookoa kwa kula dagaa miaka karibu minne ni sifuri. Tena shilingi ya mwaka wa nane itakuwa nyepesi kuliko ya leo. Mfumuko wa bei wetu mwaka 2024 ulikuwa kama asilimia 3. Anayeharakisha anamlipa mdai kwa shilingi nzito wakati mdai mwenyewe ameridhia nyepesi. Hizo 150,000 angeziweka pembeni mpaka zifike milioni, akanunua hatifungani ya serikali ya muda mrefu (cheti cha kuikopesha serikali kwa riba), ambayo kwa miaka hii imekuwa ikilipa zaidi ya asilimia 10, angekuwa na kitu mkononi.

Wanaomtetea mhasibu wangu hawakosi la kusema, na moja ya hoja zao ni nzito. Makato ya mshahara wa mtumishi yana ukomo: lazima theluthi moja ya mshahara ibaki. Benki inapopima uwezo wako wa kukopa, asilimia 15 ya Bodi tayari imeshakaa kwenye foleni mbele yako. Anayetaka kujenga kwenye kiwanja chake Pongwe anakuta nafasi aliyobakiwa nayo haitoshi hata kuezeka. Akimaliza Bodi, anapumua. Ni kweli, ingawa kumaliza mkopo usio na riba ili upate nafasi ya kuchukua wenye riba si jambo la kukimbilia bila kalamu na karatasi. Hoja nyingine ni kwamba fedha zinazorejeshwa ndizo zinazowakopesha wadogo zetu. Hilo nalikubali, lakini wajibu huo unatimizwa na makato ya kila mwezi. Haudai mtu ashinde na njaa.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anayebeba mzigo wa kujibana huko. Mmarekani anayelala kwenye gari anaumia peke yake. Kijana wetu anayejisifu kuwa hajapanga chumba yuko Makorora kwa mama. Umeme wa luku unanunuliwa na mama, kitoweo cha mama, na sukari inayoisha kabla ya Ijumaa imeandikwa kwenye daftari la dukani kwa jina la mama. Deni la Bodi linashuka, la dukani linapanda, halafu anayesifiwa kwa nidhamu ni mtoto. Kukaa nyumbani si aibu hata kidogo, ila akaaye achangie. Akishachangia kweli, ile 150,000 inakuwa 80,000 na miujiza ya kwenye video inaishia hapo.

Na hizo elfu mbili za msiba? Huku watu huzikana. Daftari la michango lina kumbukumbu kuliko benki, na siku yako ikifika, jina lako litatafutwa humo. Anayejitoa ili amalize deni lisilokua anavunja bima ya zamani kuliko zote, kisha akipatwa na jambo anakimbilia mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yasiyo na leseni, na mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kunyonya, mitaani bado ipo. Mtu mwenye deni la aina hiyo, namwambia ajibane mpaka mwisho. Auze hata runinga. Huko ndiko kila shilingi inayolipwa mapema inaokoa nyingine.

Kwa anayeishi Tanga, kula kwa bei ndogo si mateso kivile. Ukiwahi soko la samaki la Deep Sea asubuhi unapata vibua, mihogo ipo, na machungwa ya Muheza kwa msimu wake yanakaribia kugawiwa. Akiba kubwa kuliko zote aliipata mhasibu huyu siku alipokubali kazi ya hapa akaacha ya Dar es Salaam, ambako angeanza na kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mwezi mmoja wa dalali kabla hajanunua godoro.

Yupo mdaiwa mwingine asiyeonekana kwenye mjadala huu. Ni mhitimu anayeendesha bodaboda pale Kange. Hana mwajiri wa kumkata. Marekebisho ya sheria ya 2016 yanamtaka aliyejiajiri alipe asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi au angalau 100,000 kwa mwezi. Kwa kipimo cha asilimia 15, 100,000 ni makato ya mtu mwenye mshahara wa msingi wa karibu 667,000, unaoingia mvua inyeshe isinyeshe. Masika yakikolea na abiria wakapotea, dereva huyo hana soda ya kuacha. Kabla ya kuwahimiza vijana wajibane zaidi, kiwango hicho cha chini ndicho kingetazamwa upya.