Kadi Nzuri Isiyosomeka

Wiki iliyopita nilimpelekea mama mkubwa, pale Ujiji, kadi ya harusi ya mjukuu wake. Alivaa miwani, akaisogeza kadi dirishani, akaigeuza mara mbili, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, haya ni maandishi au ni maua?" Mama huyu amesoma msahafu tangu utotoni, nao herufi zake karibu zote hushikana, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba shida yake ni kutozoea herufi za kuunganishwa.

Shida ni kwamba majina ya maharusi yalichapwa kwa Edwardian Script, fonti ya mwandiko aliyoibuni Edward Benguiat mwaka 1994, kwa herufi kubwa tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Herufi kubwa ya mwandiko wa namna hiyo, pamoja na vitanzi na mikia yake yote, iliumbwa itangulie neno ikiwa peke yake, na herufi ndogo ziifuate zikiwa zimeshikana. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika jina la bibi harusi wetu wamefungiwa mafahali tisa, kila mmoja akimpiga mwenzake pembe, hata M na N hazitambulikani na S imegeuka kuwa ndoano ya kuvulia migebuka. Fonti yenyewe haina kosa. Inaiga kalamu ya chuma ambayo mstari wake hunenepa mkono unapokandamiza na kuwa mwembamba kama unywele mkono unapolegea, na unywele huo, ukichapwa kwa wino wa dhahabu kwenye karatasi ya rangi ya maziwa, huonekana na malaika tu.

Tarakimu nazo hazikusalimika. Mchango wangu wa shilingi 50,000 ulikwenda kwa mtu nisiyemjua kwa sababu 7 niliisoma kuwa 1, na jina geni lililotokea kwenye simu nililidhania kuwa la mhazini. Namtakia matumizi mema.

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba neno moja "Karibuni" lililoandikwa kwa fonti hiyo kwa ukubwa wa kutosha juu ya mlango wa ukumbi hupendeza, na kwamba kijana wa steshenari huchapa anachoagizwa na kamati. Lakini tazameni kanga: ua lake lichanue litakavyo, jina lake, yaani ule msemo wake, huchapwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima, na mtu hulisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Waliozichora hawakukosa ufundi wa kupamba. Walijua tu kwamba ujumbe usiposomeka, jirani aliyekusudiwa atalala usingizi wake bila wasiwasi.

Nyuma ya ile kadi nilimwandikia mama mkubwa majina, siku, saa na ukumbi kwa kalamu ya kawaida. Jana nilipopita kumjulia hali niliikuta ameibandika ukutani, upande wa mwandiko wangu ukitazama nje.