Siyo kila komandi inataka admini jamani

Kuna ushauri umezagaa kwenye magrupu ya WhatsApp na zile video za "jifunze kompyuta", kwamba ukitaka kufanya chochote kwenye CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia komandi za Windows, hatua ya kwanza ni klik ya kulia, Run as administrator, Yes, halafu ndo uanze kazi. Intaneti inasumbua? Admini. Flashi imeficha mafaili? Admini. Unataka kuona tu IP ya mashine yako mwenyewe, nayo eti admini. Mimi hii kitu naipinga kabisa, na siyo kwamba naiogopa CMD, humo ndo nashinda kutwa, ila naona watu wanafundishwa kupanda juu kabisa kabla hawajajua wanaenda kufanya nini huko.

Tuanzie nyuma kidogo. Enzi za Windows XP ukiweka kompyuta ya nyumbani ile akaunti ya kwanza ilikuwa admini moja kwa moja, na kila ulichofungua, hadi brauza, kilitembea na nguvu zote. Vairasi walikula bata. Vista ilipoingia madukani 2007 ikaja na UAC, lile dirisha la kuuliza Yes au No, na watu wakalichukia kweli maana lilikuwa linauliza kila saa, ukihamisha kitu kidogo linauliza, ukigusa setingi linauliza, mwisho wa siku wengi wakalizima. Windows 7 mwaka 2009 wakapunguza kelele wakaweka ile mizani ya ngazi 4 unayoisogeza juu na chini.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba hata kama akaunti yako ni ya admini, ukishaingia Windows inakukatia vitambulisho viwili, kimoja cha mtu wa kawaida na kimoja kamili. Kazi zako zote za kila siku zinaenda na kile cha kawaida. Ukibonyeza Yes ndo unatoa kile kikubwa. Na ile skrini kufifia siyo mapambo, lile dirisha linafunguliwa sehemu ya pembeni ambako programu nyingine haziwezi kufika zikakubonyezea Yes wewe hujui.

Sasa CMD ikishafunguliwa kwa kitambulisho kikubwa, chochote utakachokiita kutokea humo kinarithi. Ukiita Notepad, Notepad ni admini. Ukiendesha skripti ya Python uliyopewa na jamaa, nayo ni admini, na kila programu ambayo hiyo skripti itaiita nayo ni admini, na hapo katikati hakuna wa kukuuliza tena. Ulishasema Yes mara moja ukiwa unawaza chai.

Mfano mzuri ni ule wa flashi maana karibu kila aliyewahi kuprinti stationery anaujua. Umechomeka flashi kwenye kompyuta ya watu, ukirudi nyumbani mafaili yote yamegeuka shotikati. Komandi inayofowadiwa ni hii:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Tuisome. -h inaondoa alama ya kufichwa, -r inaondoa "soma tu", -s inaondoa alama ya faili la mfumo, /s inaingia kwenye folda zote za ndani, /d inagusa na folda zenyewe. E: ni flashi. Komandi nzuri tu, haina tatizo. Ila flashi nyingi ziko kwenye FAT32 au exFAT, yaani mifumo ya kupangia mafaili, na hiyo mifumo haina kabisa habari ya ruhusa, haijui nani admini nani mgeni. Kwa hiyo admini hapo hajaongeza chochote, ungefungua CMD ya kawaida ungepata jibu lilelile.

Tatizo linaanza kwa wale wanaofundisha kwa kuzunguka, "ingia kwanza kwenye flashi kisha andika attrib". Mtu anaandika cd E: anabonyeza Enter, anaamini ameingia. Hajaingia! Kwenye CMD ukiandika cd E: hauhami draivu, unaonyeshwa tu uko wapi kule E, ili uhame inabidi uandike E: peke yake. Na hapa ndo angalia tofauti, CMD ya kawaida inakufungulia kwenye folda lako, C:\Users na jina lako, lakini ya admini inakufungulia C:\Windows\System32. Kwa hiyo huyu ndugu yuko katikati ya moyo wa Windows, ana nguvu zote, anaandika attrib na /s na /d bila herufi ya draivu, halafu anafuatisha na del ya "kufuta vairasi" maana video imesema hivyo.

Kinachowaokoa wengi ni kwamba tangu Vista mafaili mengi ya Windows yenyewe mmiliki wake siyo admini, ni kitu kinaitwa TrustedInstaller, kwa hiyo utaona Access is denied zinashuka kama mvua. Lakini siyo yote. Vitu vilivyowekwa humo na draiva (programu za kuendeshea vifaa kama printa) za watengenezaji wengine havina ulinzi huo, vinaondoka, halafu kesho yake printa haijulikani au sauti imekata na unaambiwa "Windows imekufa, tupige upya".

Halafu kinachonichosha ni kwamba Windows yenyewe inakwambia ikihitaji admini, wala hauhitaji kubahatisha. Andika sfc /scannow kwenye CMD ya kawaida itakwambia lazima uwe administrator. DISM itakupa Error 740. chkdsk C: /f itakwambia huna ruhusa ya kutosha. netsh winsock reset nayo itakurudisha. Hizo ni kazi halali za admini kwa sababu zinagusa mfumo mzima, na mimi nazitumia bila wasiwasi. Lakini ipconfig, ping, tracert, nslookup, systeminfo, tasklist, netstat -ano, kunakili mafaili yako mwenyewe, zote hizo zinaenda na CMD ya kawaida tena vizuri kabisa. Mimi naanza chini, ikinikatalia ndo najiuliza kwa nini imekataa, na mara nyingi jibu ni kwamba nimekosea njia ya faili tu.

Tena admini wakati mwingine anaharibu kazi badala ya kuisaidia. Ofisi nyingi zina draivu la pamoja, tuseme Z:, unaliona vizuri pale kwenye File Explorer. Fungua CMD ya admini uandike Z: inakwambia hailioni. Watu hapo wanaanza kugombana na mtu wa IT kumbe lile draivu limeunganishwa na kitambulisho chako cha kawaida, cha admini hakilijui. Au unataka kuburuta faili kutoka kwenye folda ulidondoshe kwenye dirisha jeusi ili njia yake ijiandike yenyewe, kwenye CMD ya kawaida inakubali, kwenye ya admini inagoma, Windows hairuhusu programu ya chini kumsukumia vitu aliye juu.

Ila yote hayo ni madogo ukilinganisha na hii biashara ya kupesti mstari mmoja wa PowerShell, dirisha lingine la komandi la Windows, ndugu yake CMD. Mnaijua. Ule mstari mfupi unaoenda intaneti, unashusha skripti, na kuiendesha palepale bila hata kuihifadhi kwenye diski, na maelezo yake ni "fungua PowerShell kama administrator, zima antivairasi, pesti, Enter, Windows yako imekuwa aktiveti". Sitaki kuhubiri habari za leseni, bei ya Windows tunaijua wote. Naongelea tu kwamba umempa mtu usiyemjua mashine nzima, na umemtolea mlinzi getini kwanza. Mwenye admini anaweza kuiambia Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, "folda hili usiliangalie kabisa", na hautakaa ujue.

Wapo watakaosema ransomware, yale mavairasi yanayofunga mafaili yako halafu yanadai hela, haihitaji admini kukufungia picha na dokumenti zako, kwa sababu hayo ni mafaili yako na wewe una ruhusa nayo. Kweli kabisa, sibishi. Hata ule utapeli uliosambaa kuanzia 2024 wa kapcha feki (ile ya "thibitisha wewe siyo roboti"), unaoambiwa ubonyeze Windows na R kisha Ctrl na V kisha Enter, unaweza kukuibia nywila za kwenye brauza bila admini yoyote. Lakini ransomware ikiwa na admini inapitisha vssadmin delete shadows, inafuta zile nakala za nyuma ambazo Windows ilikuwa imezitunza, na hiyo komandi bila admini inagoma. Tofauti ya kupata walau kitu na kutopata kabisa inaweza kuwa hapo.

Na watu wa Linux msicheke, nawaona. Nyinyi mna sudo, komandi ya kuomba nguvu za admini, tangu mwaka 1980 huko chuoni Buffalo, na ukiitumia mara ya kwanza mashine nyingi zinakupa hotuba kabisa, heshimu faragha za wengine, fikiri kabla hujachapa. Nani anaisoma? Kikigoma kitu ni sudo mbele. Unaweka vifurushi vya programu kwa sudo npm install, halafu wiki ijayo mafaili ndani ya folda lako mwenyewe ni mali ya root, admini mkuu wa Linux, na hauwezi kuyagusa, kisha mtu anakwambia dawa ni chmod -R 777, yaani kila mtu aruhusiwe kufanya chochote. Hapana bana.

"Lakini mimi najua ninachofanya." Sawa. Tarehe 31 Januari 2017 injinia wa GitLab, kampuni ya kuwatunzia waprogramu kodi zao, siyo mwanafunzi, injinia, alikuwa anahangaika usiku na databesi isiyonakiliwa kwenye seva ya pili. Akataka kufuta folda la data kwenye hiyo seva ya pili, akaifuta kwenye ile kuu. Kuja kushtuka na kukatisha, kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5, na mwishowe walipoteza data za kama masaa 6. Ruhusa zote alikuwa nazo. Ndo shida yenyewe hiyo, hakukuwa na kitu chochote cha kumwambia "subiri".

Kama kompyuta inatumiwa na watu zaidi ya mmoja, stationery au nyumbani kwenye watoto, mimi naweka akaunti mbili, ya kila siku iwe Standard na ya admini iwe na nywila yake. Hapo lile dirisha haliulizi tena Yes au No, linataka nywila, na dogo akitaka kuweka gemu la ajabu inabidi aje akuite.

Na sasa Windows 11 toleo la 24H2 nayo imeletewa sudo. Inakuja ikiwa imezimwa, unaiwasha mwenyewe kwenye setingi, na ina namna tatu za kufanya kazi: kufungua dirisha jipya, kubaki humohumo ila bila kupokea unachochapa, au kubaki humohumo na kupokea kila kitu kama Linux. Wengi watakimbilia hiyo ya tatu kwa sababu inapendeza. Mimi nimeiacha kwenye dirisha jipya, inafanya komandi yangu moja, inaisha, na dirisha langu la kazi linabaki la kawaida.