Nilitaka kuokoa elfu 6

Chanzo cha yote ni mkate. Pale kwangu kuna mtoto wa darasa la pili ambaye mkate bila jamu hali, na akipaka hapaki kama binadamu, anapaka juu anageuza anapaka na chini, kwa hiyo kopo la elfu 6 likiingia Jumatatu, Alhamisi asubuhi unasikia kijiko kinakwangua. Nikapiga hesabu ya mwezi mzima nikasema hapana, kuna mwenye kiwanda huko anajenga ghorofa kwa mshahara wangu.

Sasa mwezi wa 11 nikaenda msibani Msata. Kurudi tukashika njia ya Bagamoyo, na ile njia ukifika Kiwangwa hata uwe na roho ngumu vipi utashuka tu, mananasi yamepangwa pembeni ya barabara kama abiria. Nikabeba 15 kwa elfu 15, nikajiona mjanja wa gari zima. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba mananasi 15 yakianza kulegea yanalegea siku moja yote, hayapeani zamu. Siku mbili tulikula mpaka ndimi zikawa zinawasha, nikagawa kwa majirani, siku ya tatu nikigonga mlango wa mtu nasikia redio inazimwa wanajifanya hawapo. Yakabaki 7.

Ndo nikatangaza, leo natengeneza jamu. Mama Neema akaacha kukunja nguo akaniangalia taratibu. "Baba Neema, si wewe uliyeunguza chai?"

Ni kweli niliunguza chai ila hiyo ni ya zamani, Pasaka.

Nikaingia YouTube nikamkuta dada mmoja jiko lake linang'aa hata nzi akitua anateleza. Anasema kwa sauti ya upole, kilo ya tunda kilo ya sukari, koroga, dakika 40 tayari. Nikasema kumbe watu wanatupiga hela kwa kazi ya dakika 40. Nikakaa chini kumenya. Aisee nanasi lina macho, unatoa jicho hili unakuta lingine linakutazama, na ule mchuzi wake unachonyota kwenye vidole, maana nanasi lina kitu ndani kinalegeza nyama, ndio maana wapishi wanalipaka kwenye nyama ngumu kabla ya kuchoma, sasa siku hiyo nyama ngumu nilikuwa mimi. Saa nzima na nusu nimemenya, nikapima kwa mzani wa Mangi wa dukani, kilo 5.

Maana yake sukari kilo 5. Hapo ndo vita ilipoanza. Mama Neema tangu sukari ilivyopanda mwanzoni mwa 2024, kilo ikafika elfu 4 na kuendelea, alianza kuifungia kabatini na bei ilivyoshuka ufunguo hakuurudisha, anatembea nao kwenye khanga. Nilivyosema kilo 5 akauliza kama tuna harusi. Mwisho akanipimia 2, tena ananipimia huku anaangalia pembeni kama mtu anayelipa deni ambalo halitambui. Nikasema poa, itakuwa jamu ya watu wasiopenda sukari sana, hata madaktari wanashauri.

Jikoni sasa. Dakika 40 zikafika, ni juisi. Saa moja, ni juisi ya moto. Yule dada alisema weka kisosi kwenye friza kipoe, dondoshea tone, lisukume kwa kidole, likikunjamana jamu imeiva, nikafungua friza nakuta imejaa barafu za ubuyu za Mama Neema, za biashara, nikazihamisha kidogo tu chini kwenye mboga. Tone la kwanza halikukunjamana, lilikimbia. La pili likakimbia. Huku kwenye sufuria limeanza kutema, ile inachemka polepole halafu ghafla PWAA inakurukia mkononi, na uji ukikurukia unapoa haraka, hii ina sukari, inakaa, inakuunguza kwa utulivu.

Akapita bibi wa chumba cha pili, zamani aliwahi kupika kwa masista huko Lushoto, akachungulia akaguna. "Mjukuu wangu nanasi halina utelezi wa kugandisha. Ungeweka na mapera, au limao na maganda yake. Na sukari hii umeweka ya chai, sukari ndo inayoshika." Eti kuna kitu kinaitwa pektini, mapera yanayo, limao linayo, nanasi linacho kidogo sana, na hicho kidogo bila sukari ya kutosha na uchachu hakishiki kitu. Sasa bibi muda wote umekaa hapo barazani unachambua mchele unaniangalia namenya mananasi 7, hukuona hata dalili ya kukohoa?

Nikakimbia kununua malimao ya buku, nikakamua yote nikatupia na maganda. Na kweli nikaona inaanza kujivuta vuta, nikaanza kupiga mluzi. Gesi ikakata.

Mtungi wa kilo 6 una tabia ya kiumbe hai, unakuacha ule wakati unapopiga mluzi. Hela ya kujaza nilikuwa nayo lakini kijana wa bodaboda anayeleta mitungi akasema yuko njiani, na njiani ya bodaboda mnaijua. Nikanunua mkaa wa elfu 2, nikawasha jiko uani, nikabeba sufuria nje. Kosa. Sijui nani huwa anawapelekea nyuki taarifa, maana akaja mmoja, akazunguka, akaondoka kama mtu aliyekuja kupima kiwanja, baada ya muda wakaja ukoo mzima, na baba mwenye nyumba alikuwa ndo anatoka kuoga na taulo lake, nikasikia tu ndala zinapiga sakafu na mlango unabamizwa na jina langu linatajwa pamoja na neno kodi. Mimi mwenyewe nikajifungia ndani. Naichungulia jamu yangu dirishani kama mtu anayeangalia gari lake likivutwa na breakdown.

Nilikuja kutoka jua linazama. Ilishakuwa rangi ya kahawia, rangi ya meza. Mwiko umesimama katikati peke yake. Nikachomoa mwiko, sufuria ikainuka nao.

Hapo nikaanza kujaza kwenye chupa kwa kupigapiga na kijiko. Chupa nilizichemsha vizuri, hapo sikufanya makosa, ila moja ilikuwa ya achari na hata uichemshe wiki itabaki kuwa ya achari, na moja niliiweka ya moto juu ya sakafu ya baridi ikapasuka kimya kimya, tii. Zikabaki 3. Nyingine yote iligoma kutoka kwenye sufuria, ile sufuria ya seti, zawadi ya kitchen party ya Mama Neema, ililowekwa siku tatu na mambo yake bado hayajaisha humu ndani.

Hesabu sasa. Mananasi elfu 7, sukari elfu 6, malimao elfu 1, mkaa elfu 2, gesi elfu 25 na msiniambie gesi bado ipo, isingekuwa jamu nisingeijaza siku ile. Barafu za ubuyu zilizoyeyuka kwenye mboga sizihesabu kwa sababu kesi iko mbele. Elfu 41 kwa chupa 3, ni kama elfu 13 na mia 6 na kitu kwa chupa, tena moja inanuka achari. Mtoto akaonja, akatafuna, maana ilibidi kutafuna, akasema, "Baba, kashata tamu. Jamu iko wapi?"

Chupa moja nikampelekea mama mkwe, sikutaka maelezo mengi, nikamwambia tu mama lamba kidogo kidogo maana ni kali. Juzi kanipigia. Shikamoo mama, marahaba baba, hamjambo huko, hatujambo. Halafu akasema kwa furaha kabisa, "Baba Neema, ile dawa ya kifua imenisaidia sana, kijiko asubuhi kijiko jioni, kikohozi chote kimekata. Na mdogo wangu naye anaitaka. Utaichemsha tena lini?"

Nikamwambia wiki ijayo mama.

Sasa ningesemaje?