Kabla ya Kumalizia Malipo ya Nyumba ya Mwambani, Pima Hewa Yake

Chumba cha nyuma kilikuwa na kuta tatu tu. Upande wa nne ulikuwa mwamba wenyewe, umepakwa chokaa, umetokeza kifua hadi karibu na kichwa cha kitanda, na dalali aliupiga kwa kiganja akaniambia kwamba nyumba hii msingi wake umewekwa na Mungu. Niliugusa nikausikia ubaridi wake. Kisha nikainama, kwa kuwa tangu tulipoanza kutafuta nyumba Isamilo kulikuwa na jambo lililokuwa likinikosesha raha, na pale chini nikaliona: jamvi, yaani zege la sakafu, lilipokutana na jiwe palikuwa na ufa uliokwenda kutoka kona hadi kona, mpana kiasi kwamba sarafu ya shilingi mia mbili ingezama bila kugusa upande wowote.

Sisi wa Mwanza tunajua kukagua nyumba. Tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuuliza kama kuna mgogoro, tunapeleka nakala ya hati kwa afisa ardhi, tunauliza majirani maji ya mvua yanashuka njia gani, na mwenye busara hupanda juu ya kilima kuangalia kama kuna jiwe lililoegemea pabaya. Lakini hewa inayopanda kutoka chini ya sakafu hatuiulizi kabisa. Ninaamini kwamba katika mji uliojengwa juu ya mawe kama huu, mnunuzi ana haki ya kupima gesi ya radoni kabla ya kumaliza kulipa, na haki hiyo inapaswa kuandikwa katika mkataba kama yanavyoandikwa mambo ya mipaka na bili za maji.

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Inatokana na urani, madini yaliyomo kwa kiasi kidogo sana katika karibu kila udongo na jiwe, ambayo huchakaa polepole kwa muda mrefu mno, yakageuka kuwa radiamu, madini mengine yenye mionzi, na hatimaye radoni. Mawe ya granaiti, yaani haya matale yaliyoupa mji wetu sura yake kuanzia jiwe la Bismarck pale ziwani hadi vilima vya Bugando na Mabatini, kwa kawaida huwa na urani nyingi kuliko aina nyingine nyingi za miamba. Radoni yenyewe haidumu, kwani kila baada ya siku nne hivi nusu yake huwa imekwisha kuchakaa. Madhara yake yako katika kile inachokiacha: chembe za madini yenye mionzi zinazonata kwenye vumbi, zikavutwa pamoja na pumzi na kubaki ndani ya mapafu, ambako huendelea kutoa mionzi. Nje gesi hiyo hupeperushwa na upepo. Ndani ya nyumba, ikiwa imepata ufa wa kuingilia na haikupata dirisha la kutokea, hurundikana.

Dunia ilishtuka mwaka 1984, huko Pennsylvania, Marekani. Mfanyakazi wa kinu cha umeme wa nyuklia, Stanley Watras, alikuwa kila akipita kwenye mtambo wa kukagua mionzi kengele zinalia, ilhali kinu kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Walipomfuatilia waligundua kwamba mionzi hakuwa akiitoa kazini kuipeleka nyumbani, bali aliitoa nyumbani kuileta kazini, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na radoni mamia ya mara zaidi ya kiwango ambacho Wamarekani leo hukitaja kuwa cha kuchukuliwa hatua. Mwaka 1988 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliiweka radoni katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilipendekeza kiwango cha ndani ya nyumba kisizidi bekereli (kizio cha kupimia mionzi) 100 kwa kila mita moja ya ujazo, na pale ambapo nchi haiwezi kufikia hapo, kisizidi 300. Kwa kila bekereli 100 zinazoongezeka, hatari ya saratani ya mapafu hupanda kwa takriban asilimia 16, na mvutaji wa sigara yumo katika hatari kubwa zaidi ya mtu asiyevuta.

Sisemi haya ili watu wahame vilimani. Nyumba nyingi za kwetu zina kinga ambayo hatukuipanga: madirisha ya nyavu na nondo, matofali ya matundu juu ya milango, na upepo unaotoka ziwani mchana kutwa. Nyumba ya namna hiyo, hata ikiwa juu ya granaiti tupu, ina nafasi nzuri ya kuwa salama. Wasiwasi wangu uko kwenye ujenzi wa siku hizi, ambapo mlima unachongwa ili kupata usawa, chumba kinaingizwa tumboni mwa mwamba, madirisha yanakuwa ya alumini na vioo vizima, dari inazibwa, kiyoyozi kinawashwa, na usiku, kwa hofu ya mbu na wezi, dirisha haliachwi wazi hata kidogo. Kuna nyumba tumeziziba kwa fedha nyingi, tukaondoa kilichokuwa kikitulinda bure.

Wala huwezi kukisia kwa macho. Nyumba mbili zinazotenganishwa na uzio mmoja zinaweza kutofautiana sana, kwa sababu ya ufa uliopo chini ya moja na haupo chini ya nyingine, au kwa sababu fundi wa huku alimwaga jamvi juu ya nailoni na wa kule hakuiweka. Ndiyo maana ninasisitiza kupima, na si kuuliza mtaa gani ni mzuri.

Shemeji yangu aishiye Uingereza alikuwa ametuletea kifaa kidogo cha kupimia, cha ukubwa wa kiganja. Nilikwenda nacho kwa mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyefiwa na mumewe, nikamwamkia na kumweleza ombi langu la kukiacha ndani kwa wiki mbili, moja sebuleni na moja chumba cha nyuma.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimelala chumba hicho miaka ishirini na sita. Ingekuwa kuna sumu si ningekuwa nimeshakufa?"

Nililichukulia swali hilo kwa uzito, kwa sababu ndilo swali ambalo kila mwenye nyumba atauliza, na lina haki ya kujibiwa. Nilimwambia kwamba radoni haimuui kila anayeivuta, kama sigara isivyomuua kila mvutaji. Inaongeza hatari, na ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka mingi bila dalili yoyote ya kuonya. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia: wajukuu wanaokuja likizo, ambao hulala kwenye mkeka kando ya mwamba kwa sababu pana ubaridi, je, nao?

Kifaa kikaachwa. Tulifuata utaratibu wa kawaida wa kipimo cha muda mfupi, yaani madirisha na milango ya nje ifungwe kwa muda wa saa kumi na mbili kabla ya kuanza, na ibaki hivyo isipokuwa kwa kupita tu; kifaa kiwekwe juu ya meza, nusu mita au zaidi kutoka sakafuni, mbali na feni, na kisiwekwe jikoni wala bafuni. Sebule ilitoka chini ya 100. Chumba cha nyuma kilikuwa juu ya 100 ingawa hakikufika 300. Kabla hatujazungumza lolote kuhusu bei, mama alikuwa ameshawaita vijana wakahamishia kitanda chake mbele.

Ni hapa ninapotaka wanunuzi, madalali na mawakili wanisikilize. Katika maeneo ya Uingereza yanayojulikana kuwa na radoni, mnunuzi na muuzaji hukubaliana sehemu ya bei izuiliwe kwa wakili mpaka kipimo cha miezi mitatu kikamilike. Kiwango kikiwa juu, fedha hiyo hutumika kurekebisha, na kikiwa chini, muuzaji huchukua chake chote. Utaratibu huo unaingia bila shida katika mila yetu ya kulipa kwa awamu. Sisi tuliandika kifungu kimoja tu katika mkataba na kuacha fungu dogo la awamu ya mwisho. Mama hakupunjwa, nasi hatukuingia gizani. Mnunuzi anayengoja mpaka akabidhiwe funguo atagharamia peke yake kile ambacho wangeweza kukizungumza wawili.

Kuhusu maji nitasema kwa ufupi. Maji ya ziwa yanayosukumwa kutoka Capri Point hayana la kutisha, kwa kuwa gesi hutoka upesi kwenye maji yaliyo wazi. Anayenunua nyumba yenye kisima kirefu kilichochimbwa ndani ya mwamba anapaswa kuyapima na maji yake.

Kinachokosekana ni huduma iliyo karibu na watu. Si kila mtu ana shemeji Uingereza. Tunayo Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo hukagua mashine za eksirei hospitalini na kupima mionzi katika vyakula. Ningependa sana kuona vipimo vya radoni vinapatikana kwa bei ambayo mwalimu au mfanyabiashara wa samaki wa Kirumba anaweza kuimudu, na ningependa halmashauri za Nyamagana na Ilemela, zinapotoa kibali cha kujenga mlimani, zidai tabaka la kokoto na nailoni nzito chini ya jamvi pamoja na bomba moja la plastiki la inchi nne linalopanda hadi juu ya paa. Bomba hilo wakati wa kujenga ni gharama ndogo. Baadaye, ikibidi, hufungwa feni inayovuta hewa ya chini na kuitoa nje kabla haijaingia vyumbani.

Sisi tulilazimika kuliweka baada ya nyumba kusimama. Fundi alitoboa jamvi umbali wa hatua moja kutoka kwenye mwamba, akachimbua udongo wa kujaza ndoo mbili, akasimamisha bomba, akaziba ufa wote kwa saruji na gundi ya mpira, na kwenye ukuta wa pembeni tukarudisha matofali ya matundu ambayo mtu fulani zamani alikuwa ameyapiga lipu. Fungu lililozuiliwa lilitosha, na kilichobaki tulimkabidhi mama. Kifaa sasa kiko juu ya stuli katika chumba kile kile, ambacho bado hakilaliwi na mtu, na kitakaa hapo hadi masika yapite, kwa sababu mvua ikilowesha udongo wa nje gesi hutafuta njia ya pakavu, na pakavu ni chini ya nyumba.