Moto Unaokata Kona

Kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete, hakuna uchawi unaozua ubishi kama Fireball, mpira wa moto unaolipuka. Kete nane za madhara hazina shida, kila mtu anajua kuzijumlisha. Shida ni sentensi moja fupi ya kitabu cha wachezaji cha 2014: moto huo husambaa hadi nyuma ya kona. Kanuni ya jumla ya kitabu hichohicho ni kwamba uchawi hutoka kwenye kitovu chake kwa mistari iliyonyooka, na aliyekingwa kabisa na kizuizi haguswi. Fireball imeruhusiwa kuivunja.

Haya, unakata kona. Unafika wapi? Tuseme goblini, kijitu adui, amejibanza nyuma ya ukuta: futi 15 kutoka kitovu ukipima kwa kukatiza ukutani, futi 30 ukizungukia mlangoni. Nusu kipenyo cha moto ni futi 20. Kitabu hakisemi ufuate kipimo kipi, na waendeshaji wengi, yaani wanaosimamia mchezo na kuamua kanuni mezani, huchora duara, kisha yeyote aliyemo anaungua.

Mimi nakataa. Moto haupenyi jiwe. Ukizunguka, futi zake zinaliwa na mzunguko huo. Toleo la tatu, la 2000, lilitamka wazi kwamba umbali unahesabiwa kwa njia ambayo moto umepita. Kwa hiyo goblini wangu anapona, na mchezaji akinung'unika namwambia angelenga karibu zaidi na mlango.

Wakongwe walikuwa na lao. Katika kitabu cha 1978, mlipuko ulijaza nafasi iliyopo, takriban futi za ujazo 33,000. Hebu piga hesabu kwenye ujia wa futi 10 kwa 10: moto unahitaji futi 330 za urefu ili utoshee! Ukiurusha kuelekea mwisho uliozibwa, wote unarudi upande wako. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu inamlazimisha mchawi kutazama dari kabla ya kufungua mdomo. Kuiendesha kwenye pango lenye matundu kila upande, hapana, mtakesha na kikokotoo.

Toleo la 2024 limeifuta sentensi ya kona. Mchezo unakwenda haraka, hilo sibishi, ila sasa moto unatenda kama mwanga wa kurunzi: nguzo ikikufunika mwili mzima, hata nywele haziungui. Mezani kwangu sentensi hiyo imerudi, pamoja na kipimo chake cha kuzunguka.

Miraba ya ramani tunayochezea hainisumbui. Kitovu kinakaa pale mistari inapokutana, na duara likifunika nusu ya mraba au zaidi, mraba wote umo. Wapo waendeshaji wanaomkataza mchezaji kuhesabu miraba kabla hajataja kitovu, eti mchawi hana futi kamba vitani. Mimi namwacha ahesabu. Huyo mchawi amesomea moto miaka mingi. Mchezaji wake ametoka kazini saa moja iliyopita.